Taa za Boti ya Kaka Yangu

Ndugu waombolezaji, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake marehemu niliyemfuata kuzaliwa. Kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Nahodha, alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa kwanza wa fundi seremala, akasoma shule ya msingi na kisha chuo cha ufundi, ambako aliongoza darasa, jambo ambalo mama alinikumbusha kila nilipoleta matokeo yangu nyumbani. Alianza ubaharia mwaka 1983, akafunga ndoa mwaka 1988 na shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa mabinti wawili, na baadaye akanunua boti ya abiria, nami nikanunua yangu, tukawa tunaegesha gati moja.

Mwaka 2016 niliondoa balbu za zamani kwenye taa za boti yangu, nyekundu ya kushoto, kijani ya kulia na nyeupe ya nyuma, nikafunga za LED, zikang'aa bila kumaliza betri, abiria wakanisifia, na kaka hakuweza kulimeza hilo. Alinunua zake za bei poa, zikang'aa kupita zangu, lakini kila alipoziwasha, redio ya mawasiliano ilikoroma asisikie neno, maana taa duni huingilia mawimbi yake. Shemeji alimwambia, "Muulize mdogo wako alinunua wapi," naye akajibu, "Heri nipotee."

Siku moja ya ukungu, meli ya mizigo ilimwita asogee, hakusikia, nikasikia mimi kwenye redio yangu, nikamkimbilia nikipiga honi mfululizo hadi akageuza, na abiria wake wote wakafika salama. Kesho yake alikuja kwangu, akatazama pembeni, akasema, "Haya, nionyeshe." Tulizifunga pamoja, taa kama zangu, ila alishikilia kwamba zake zikae juu zaidi.

Mwaka jana figo zilianza kumsumbua, akalazwa, akafariki Jumanne hii asubuhi. Jana yake aliniuliza, "Lakini zangu zinaonekana mbali zaidi, sivyo?" Nikamjibu ndiyo, kwa sababu ni kweli, na mpaka sasa inaniuma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotushika mkono, na manahodha wenzake waliosimamisha boti zao leo, umati ambao sidhani kama siku yangu nitapata hata nusu yake.

Lala salama, kaka, umenishinda tena.