Mkaguzi Tuliyeomba Kumkaanga

Mgeni rasmi, Mkaguzi Mkuu wa Uvuvi, sisi wavuvi na washona nyavu wa kituo hiki tunakukaribisha kwa mikono miwili. Kiti ulichokalia ni kizima. Kile kibovu tumempa katibu wetu, ndiyo maana anasoma akiwa amesimama.

HISTORIA

Mto wetu una samaki mwenye mistari ubavuni na meno yanayoonekana hata akifumba mdomo. Huja bila taarifa, huuzunguka wavu, huchagua samaki wanono, kisha huondoka ameacha tundu la kupitisha kichwa cha mtu. Babu zetu walimwita Mkaguzi. Sababu hatukuwauliza.

MAFANIKIO

Mwaka huu tumejifunza kuandika barua rasmi. Ya kwanza ilisainiwa na mwenyekiti wetu, Bibi Sindano, aliyeziba nyavu za kituo kizima kwa miaka thelathini.

CHANGAMOTO

Changamoto ni barua hiyohiyo. Ilisema: "Mkaguzi amezidi ulafi. Tunaomba kibali cha kumtega, kumkata kichwa na kumkaanga."

Wiki ileile ofisi yako ilileta magari mawili, ikachukua leseni ya uvuvi ya Bibi Sindano. Alipokwenda kueleza kwamba huyo ni samaki, karani alimjibu, "Mama, hata matusi yana mipaka."

Mficha uchi hazai, mgeni rasmi: tulicheka. Tulicheka siku tatu. Siku ya nne tukamkuta Bibi Sindano anaziba wavu wa mwenzake, na mtumbwi wake mwenyewe umepinduliwa mchangani. Hakuinua macho. Akasema, "Wanangu, chekeni tu. Lakini kicheko chenu hakipikiki."

Tuliona haya, na haya hiyo tunayo mpaka leo.

MAOMBI

Tunaomba leseni ya Bibi Sindano irudi leo, mkononi mwake, mbele yetu sote. Kama ofisi bado ina shaka, ushahidi uko kwenye beseni chini ya meza yako. Yu hai, kwa hiyo tunakusihi usinyooshe miguu.

Pia, ili kuepusha mkanganyiko, kikao chetu kimefuta jina la Mkaguzi. Samaki huyu atapewa jina jipya jioni ya leo, tukishaona mgeni rasmi ameondokaje.

Mungu akubariki, akurudishe nyumbani salama na vidole vyote kumi vya miguu.

Ni sisi,
Umoja wa Wavuvi na Washona Nyavu Wasio na Matusi