Wiki Mbili za Mesganaw Abate

Nyamazeni huko nyuma, ninyi mnaonong'ona humu sebuleni kwamba mwendawazimu huuawa na wazimu wake, maana Mesganaw hakuuawa na wazimu, na dada yake Yeshihareg, aliyeandika haya kwa elimu yake ya darasa la sita na anayeyasoma kwa mdomo wake, alikuwepo.

Marehemu Mesganaw Abate alizaliwa hapa Dessie tarehe 12 Hidari 1962 kwa kalenda yetu ya Ethiopia, mtoto wa pili na wa mwisho, akasoma hadi darasa la kumi, na mwaka 1981 akaajiriwa kusoma mita za maji, kazi ya kupanda na kushuka vilima hivi kutwa, na hakuna siku aliyolalamikia miguu.

Mwaka 1989, akiwa ameshachumbia, alianza kusikia mita zikimtukana, akaachishwa kazi, posa ikavunjwa, kwa hiyo hakuacha mjane wala mtoto. Daktari alimwanzishia vidonge vyenye kuleta usingizi na njaa isiyoisha, akamsihi asiache kutembea, naye hakuacha, kila asubuhi alizunguka na daftari lake kusoma mita bila kutumwa na mtu, na ninyi mkimchokoza milangoni, "Ehe, bwana mita, leo nimekunywa ndoo ngapi?", naye akijibu, "Mama, wewe maji huyajui, mita yako ifungwe kwenye mtungi wa pombe." Mlicheka, hata yeye alicheka. Aliyeona aibu ni dada yake. Lakini jioni alirudi amechoka, akala, akalala, na sigara tatu kwa siku zilimtosha.

Tarehe 3 Tiri 2005 wazee walikuwa wanakuja kumposa binti wa Yeshihareg, na wazee wetu huuliza ugonjwa wa ukoo hadi kwa babu wa saba, basi dada akampeleka mdogo wake chumba cha uani.

"Kaa humu wiki mbili tu, Mesge."

"Na mita, dada?"

"Mita hazina miguu, utazikuta."

Akamwachia pakiti ya sigara na birika la chai yenye sukari nyingi ili anyamaze, akafunga kufuli kwa nje. Posa ikapita, harusi ikapita, binti akazaa wawili, na wiki mbili zikawa miaka tisa, kufuli likifunguliwa kwa chakula, kwa choo na kwa siku ya hospitali.

Humo ndani jambo moja lilivuta jingine, kwa kutotembea hakupata usingizi usiku, mchana akasinzia, akavuta ili kuufukuza usingizi, sigara zikafika pakiti mbili kwa siku, na moshi, kama daktari alivyokuja kumweleza dada, ulipunguza nguvu ya vidonge, matusi yakarudi masikioni, vidonge vikaongezwa, navyo vikaongeza njaa, kiu ikazimwa kwa chai ileile, mwili ukafura, mwaka 2010 kikaingia kisukari, mwishowe moyo. Hakuna sigara hata moja kati ya hizo aliyoinunua mwenyewe. Alinunua dada, aliyetaka kimya, akakipata.

Alifariki tarehe 20 Ginboti 2014, saa nne asubuhi, akiwa na miaka hamsini na miwili.

Chini ya godoro tumekuta daftari lake. Msoma mita akikuta nyumba haifunguki huandika maneno matatu, na Mesganaw ameyaandika kila siku kwa miaka tisa, kwa mwandiko safi: "Mlango umefungwa. Nitarudi."

Familia inamshukuru daktari, pia muuguzi wa hospitali aliyemgombeza dada kwa lile kufuli asisikilizwe, majirani kwa hema la nje na mabenchi, na wasoma mita wawili waliofika leo, wenzake wa kwanza kuja kumwona tangu aachishwe kazi 1989.

Pumzika, Mesge, kwa amani ambayo dada yako hakukupa. Sasa analichukua daftari, anakwenda kuizunguka njia yako, na ninyi nyote kaeni humu kidogo, kwa maana akitoka, mlango anaufunga kwa kufuli lilelile.