Hofu ya Mwalimu Séraphin Kabuya (1955–2025)

Wapendwa wote mliokuja kutusindikiza: mimi ni Danielle, binti mkubwa wa marehemu, na ndimi niliyepewa kazi ya kusoma maneno haya. Mtanivumilia.

Marehemu Séraphin Kabuya Ntumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1955 huko Panda, hapa hapa Likasi, katika kambi ya wafanyakazi wa shaba. Baba yake, mzee Mathieu, alikuwa ametoka Kasai akiwa kijana kuja kufanya kazi mgodini. Mama yake aliuza chumvi sokoni.

Alisoma shule ya msingi hapo Panda, kisha akapelekwa shule ya bweni huko Mulungwishi. Siku moja mwalimu aliwasomea hadithi ya mjane aliyemwomba Mungu miaka mingi bila kujibiwa, na Séraphin akalia mbele ya darasa zima. Alipoulizwa analilia nini, akajibu: "Kama minye nilikuwa Mungu, ningemujibu ata kwa kukohoa tu." Wenzake walimwita Kikohozi mpaka alipopata diploma yake mwaka 1974.

Baada ya masomo ya juu Lubumbashi alirudi Likasi mwaka 1978, akafundisha Kifaransa na fasihi kwa karibu miaka arobaini. Wanafunzi wake mlio hapa mnalijua neno alilolirudia bila kuchoka: "Mutafute ukurasa kwenye muntu anapiga magoti. Pale ndiyo mutajua anaogopa nini, na anatumaini nini." Alisema hata mwandishi asiyesali kamwe humpigisha mtu wake magoti, kwa sababu hana mahali pengine pa kumpeleka.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na mama yetu, Georgette Kapinga. Mama alikuwa hana woga hata kidogo, na alipenda kumtania kwamba siku ya kumposa alisimama karibu na mlango ili akikataliwa akimbie vizuri. Mama alitutoka mwaka 2014.

Mwishoni mwa 1992, sisi wenye asili ya Kasai tulifukuzwa majumbani mwetu, tukakaa majuma mengi kwenye gare ya Likasi tukingojea treni ya kutupeleka Kasai. Nilikuwa na miaka minane. Kila jioni baba alisimulia hadithi aliyoitunga mwenyewe, ya mwanamke aliyejifungia ndani huku maadui wakimzunguka. Jioni moja alimwacha mwanamke huyo amepiga magoti gizani, akaishia hapo. Aliona kwamba mtunzi mzuri hagawi miujiza ovyo. Mama Mwadi, aliyelala jirani yetu pale kwenye sementi na mtoto mwenye homa kali, akasimama. "Mwalimu, ule mama unamuachia vile juu ya nini? Siye tutalala namna gani?" Watu wakaanza kunung'unika kwa hasira. Baba akajikuna kichwa. "Bon. Kuko muntu anagonga mulango. Si adui." Nilisikia watu wakishusha pumzi.

Mtoto wa Mama Mwadi alifariki kabla treni haijafika. Jioni baada ya mazishi, mama huyo alirudi, akaketi palepale, akasema: "Endelea, mwalimu." Baba akaendelea. Tuliporudi Likasi mwaka 1998 alianza kuwatungia vijana wa parokia mchezo wa kuigiza kila Pasaka, na hakumwacha tena mtu gizani.

Januari mwaka huu madaktari wa Lubumbashi walimkuta na saratani ya ini. Tukamrudisha hapa Likasi, hospitalini. Ndugu zangu, baba aliogopa. Aliogopa mlango ukifungwa. Aliogopa wauguzi wakinong'ona. Padri alipokuja na mafuta ya wagonjwa, alimwambia: "Padri, munakuya mapema sana."

Juma la mwisho aliniagiza: "Musiandike ati nilienda muzuri. Muandike ukweli. Nilikuwa naogopa." Baba mdogo Gaston, ndugu yake, hakupenda. Aliniambia: "Danielle, bantu ba paroisse batasema hakukuwa na imani. Andika ati alilala na amani, tumalize." Namheshimu baba mdogo, na mimi mwenyewe naogopa mtakayosema mkitoka hapa. Lakini maisha yangu yote nilimwona baba akisali, na mtu asiyeogopa hasali namna ile.

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Juni, alinishika mkono. "Minye niliambia bantu bote hadithi. Sasa weye, uniambie minye. Kule kuko nini?"

Mimi nauza vitambaa sokoni, kusimulia sijui. Nikasema: "Papa, mama iko anakungoya."

"Iko anafanya nini?"

"Iko anapika bukari ya mahindi."

"Na nini?"

"Na majani ya sombe."

Akaniminya mkono. "Na samaki?"

"Na samaki, papa."

"Mubichi ao ya kukausha?"

Hapo nikaona nikikosea samaki nimekosea yote. Nikasema: "Mubichi." Macho yake yalikuwa bado na woga, lakini hakuuliza tena. Alikata roho kabla ya adhuhuri, mkono wake ukiwa mkononi mwangu.

Ameacha watoto wanne: mimi Danielle, Willy, Cathy na Magloire, wajukuu tisa, ndugu yake Gaston, na wanafunzi ambao hakuna awezaye kuwahesabu.

Tangu Jumatatu najiuliza kama nilimdanganya baba yangu. Kwa hiyo mkija nyumbani kutupa pole, tafadhali msiniambie nijikaze. Niambieni amefika. Niambieni amepokelewa. Niambieni hata kama ninyi wenyewe hamjui.

Mungu amlaze Papa Séraphin mahali pasipo na woga.