Ng'ambo ya Nani? Maisha ya Mzee Abraham Matayo, Mchora Ramani ya Korongo la Kwenkanga

Marehemu Mzee Abraham Matayo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kambi ya mkonge, Kwamndolwa, Korogwe. Baba yake alikuwa mkata mkonge. Alimaliza shule ya msingi hapo hapo, kisha akawabebea wapimaji ardhi mnyororo wa kupimia miaka sita, mpaka nao wakamfundisha kupima na kuchora.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Mama Grasiana wa Mpale.

Mwaka 1997 alianza kuchora ramani ya Korongo la Kwenkanga, Handeni, ili maduara, yaani mashimo ya dhahabu ya enzi za mkoloni, yajulikane yalipo na wachimbaji wayaepuke. Mengi yalikuwa yamefunikwa na vichaka, yamejaa maji. Bibi Mwaija, aliyewapelekea wachimbaji uji utotoni, alimfuata kambini, ukingo wa mashariki, akamwambia, "Duara kubwa liko ng'ambo." Marehemu akalichora magharibi.

Tarehe 9 Mei 1998, mvua za masika zikiwa hazijakatika, alikwenda kumshukuru bibi nyumbani kwake, ukingo wa magharibi. "Shikamoo bibi. Duara lenyewe ni lipi?"

"Marahaba. Si nilikwambia ng'ambo? Lile pale!"

Kidole kilielekea mashariki. Bibi alikuwa amesema kama asemavyo akiwa kwake. Na pale pale alipoonyesha, watu kumi na mmoja walikuwa wakichimba shimo jipya, kwa kuiamini ramani kwamba upande huo hauna duara lililojaa maji.

Marehemu alishuka korongo akianguka na kuinuka. Kiatu kimoja kilibaki kwenye tope.

"Tokeni!"

"Mzee wa ramani," Muhsin, kiongozi wao, alimjibu kutoka chini, "si karatasi yako ndiyo iliyotuleta?"

"Nimekosea mimi! Tokeni!"

Wakatoka mmoja mmoja. Muhsin alitoka wa mwisho, maji yakimfika magotini. Kabla hajakaa chini, shimo lilifurika mpaka mdomoni.

Tangu siku hiyo, hata Mama Grasiana akimtuma duka la ng'ambo, marehemu aliuliza kwanza, "Ng'ambo ya nani?"

Alianza kuugua figo mwaka 2022. Akiwa kitandani alimtaka binti yake Rhoda aandike pembeni mwa ramani: "Kosa lilikuwa langu." Alifariki tarehe 3 Juni 2024, alfajiri.

Ameacha mjane, watoto wawili, Rhoda na Richard, na wajukuu watano. Kaburi hili limechimbwa na Muhsin na wenzake. Jana, kaburi likiwa limemfika kifuani, Muhsin aliacha jembe akasema, "Mzee, nachimba huku. Mbona huji kunitoa?"

Apumzike kwa amani huko ng'ambo. Sasa ni yake.