Mwaka Ndani ya Ubeti

Kwenye basi la Srinagar, mbele yangu, mzee alikumbatia kijungu cha makaa chini ya joho lake kujikinga na baridi, huku akisoma karatasi. Binti aliyekaa naye, ambaye hawakujuana, akachungulia.

"Baba, hicho si Kiajemi? Nani anakisoma siku hizi?"

"Ubeti wa jiwe la kaburi la jirani yangu, Sanaullah. Kila herufi ina thamani yake ya namba. Ukijumlisha za mstari wa pili, unapata mwaka aliofariki. Zamani mtaani kwetu tulikuwa watunzi watatu, tukigombania kila msiba; sasa nimebaki mimi."

"Si uandike tarakimu tu, watu waelewe?"

"Tarakimu huandikwa hata kwenye gunia la mchele, binti yangu."

Nilicheka kwa majivuno, kana kwamba mimi ningeweza kuusoma.

"Haya, na wewe je, baba? Ubeti wako umeshajitungia?"

Basi likasimama kituo cha Khanyar. Mzee akaikunja karatasi, akainuka polepole na makaa yake.

"Mstari wa kwanza ninao. Wa pili unataka mwaka, na mwaka siujui. Atakayeujua hajui Kiajemi."