Fundi Radisav na Kitambaa cha Mama Mkurugenzi

Tarehe 28 Februari, saa tisa alasiri, Radisav Bjelogrlić, fundi umeme wa karakana ya manispaa ya Brezovac, anatundika bisibisi baada ya miaka thelathini na tisa na miezi minne ya kazi. Hiyo miezi minne naitaja kwa sababu yeye haachi kuitaja. Mkewe Stojanka anasema hata mfungwa hahesabu hivyo.

Alianza akiwa na nywele nyingi na gari moja la taka. Anaondoka bila nywele, huku nyuma yake akiacha magari kumi na moja na hita za zahanati, za chekechea na za ofisi zetu zote. Hata siku ya harusi yake alipitia kazini kumalizia trekta la kusukuma theluji, akaingia kanisani na grisi kwenye kola. Picha zipo.

Lakini jina lake limejengwa na koili, ule waya uliozungushwa unaozaa cheche kwenye gari na joto kwenye hita. Sisi wengine koili ikiungua tunaitupa, tunafunga nyingine, tunaenda kunywa kahawa. Radisav huinusa, huigeuza, halafu huuliza, "Nani amemuua huyu?" Kwake yeye koili haifi tu, inauawa. Kwenye gari, muuaji ni plagi iliyolika mpaka koili inajikamua kurusha cheche, au waya ulioegemea bomba la moto, au maji. Kwenye hita ni vumbi, skrubu iliyolegea, au hewa isiyopita. Mimi niliyekaa stoo miaka yote hiyo nilikuwa nacheka, mpaka vuli ya mwaka juzi.

Vuli ile gari la wagonjwa lilizimika mara tatu kwenye Mlima Rudnjak, kila mara kwa koili iliyoungua, na mara moja likiwa na mama mwenye uchungu ndani. Alijifungua salama kando ya barabara, na mtoto anaitwa Luka, lakini mji mzima ulikuwa unatusema. Mkurugenzi wetu, Mama Vukosava, akatukusanya uani.

"Radisav, wewe unafunga koili au unapanda viazi?"

"Viazi vingekuwa vimeota, mama mkurugenzi."

Hakucheka. Alisema koili moja zaidi ikiungua kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Nikola, tarehe 19 Desemba, karakana inafungwa na kazi inapewa kampuni ya mji mwingine. Tulikuwa watu wanane, na mdogo wetu alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Nani angetuchukua?

Radisav alichukua chupa yake ya chai, akakaa kwenye ua wa zahanati siku mbili nzima. Siku ya pili akamwona dereva Obrad akifungua boneti ya gari la wagonjwa na kuipiga injini maji ya presha. Kesho yake ilikuwa slava, sikukuu ya mtakatifu wa ukoo wake. Vuli kwetu ni msimu wa slava, na zahanati ina madereva watatu wenye watakatifu watatu, kila mmoja na mpira wake wa maji. Radisav aling'oa koili ya kwanza. Kishimo cha plagi kilikuwa kimejaa maji kama glasi.

"Obrad, ndugu yangu, mtakatifu wako ndiye aliyeagiza injini ioge?"

"Gari langu haliingii sikukuu likiwa chafu."

"Basi lipanguse. Usilibatize."

Alikausha vishimo, akabadilisha plagi zilizolika na raba zilizopasuka. Tangu siku ile gari limevuka Rudnjak kiangazi na theluji, na halijazimika hata mara moja.

Tulikuwa tumeshaanza kushangilia. Tarehe 17 Desemba, koili ikaungua. Tena ilikuwa ya hita ya ofisini kwa Mama Vukosava mwenyewe. Nilianza kufungasha vikombe vyangu.

Radisav alipanda ofisini, nami nikambebea sanduku, nataka kuona mazishi yetu. Juu ya hita palikuwa na chungu cha maua, mapera mawili ya kizungu ya kunukisha chumba, na chini yake kitambaa cheupe cha kufuma, kipana, kilichoning'inia mbele hadi kuziba matundu yote ya hewa. Radisav alikiinua kwa vidole viwili. Upande wa ndani kilikuwa rangi ya kahawa.

"Mama mkurugenzi, muuaji huyu hapa."

"Hicho kilifumwa na marehemu mama yangu."

"Mungu amrehemu. Mkono wake ulikuwa mzuri. Ila hita haipati pumzi."

Mama Vukosava akakikunja mwenyewe, taratibu.

"Utawaambia watu nini, fundi?"

"Vumbi."

Na ameshikilia vumbi mpaka leo. Karakana haikufungwa, na wanane wote tupo. Ukweli nausema mimi, na Mama Vukosava ameisoma makala hii kabla haijachapwa. Akasema, "Iache ilivyo, mzee. Ni kweli." Kisha akaleta kitambaa chenyewe kwenye fremu ya kioo. Kinaning'inia karakanani, juu ya rafu ya koili, mbali na hita.

Radisav, asante kwa kila asubuhi gari lilipowaka, na kwa vikombe vyangu ambavyo bado viko stoo. Tunasikia Stojanka ameshafuma vitambaa vinne vya kukukaribisha nyumbani. Tunakutakia afya, pombe safi ya rakia, na hita isiyovaa nguo.