Jicho la Shemeji

Jua la alasiri likishalegea pale Nguvumali, benchi la Uweso muuza kahawa, pembeni ya fundi baiskeli, huwa limejaa kabla birika halijachemka. Yuko Sabiri, wanayemwita Profesa kwa kuwa tangu wamjue hajapata kusema "sijui". Yuko Nehemia, mtu wa kanisani, kijiweni wanamwita Mkonge, maana babake alikuja kukata katani mashambani na yeye mwenyewe anauza kamba. Na yuko Abdulwakil, Mpemba wa watu, jina la kijiweni Karafuu. Siku kadhaa alipotea. Leo kaja, kakaa ukingoni mwa benchi, anaomba Mungu yasiguswe ya nyumbani kwake. Ndiyo kwanza yakaanza.

— Jamani, mmesikia ya kwa jirani yangu Bertha? Nehemia aliuliza. Wanawe wamepasua runinga mpya.

— Kwa mpira?

— Kwa rimoti! Kuna michezo siku hizi hukai ukabonyeza. Unashika rimoti unapiga hewani kama mcheza tenisi, na yule wa kwenye kioo naye anapiga. Mtoto kapiga, rimoti imemchomoka, kioo puu!

Sabiri akatua kikombe.

— Haikuchomoka ile. Ina sumaku, inavuta mkono. Cheza wewe mwezi mzima, hata ukilala mkono utapiga wenyewe. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapo, Profesa?

— Kibaba cha sumaku!

— Sumaku wapi, bwana wee, akadakia Uweso, birika mkononi. Lile jini. Hebu jiulize, unayempiga humwoni, yeye anakuona. Ukimpiga leo, kesho anarudisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Apone kwa kupigwa?

— Ndiyo maana yake!

Sabiri hakukubali kushindwa na muuza kahawa.

— Nyinyi mnasema vidogo. Zile nguvu anazopiga mtoto zinakwenda wapi? Zinakusanywa! Huko ughaibuni kuna viwanda vinaendeshwa na mikono ya watoto wa Tanga, wallahi, halafu umeme wanakuja kutuuzia sisi.

— Ndiyo maana wa kwa Bertha wanakula hawashibi, Nehemia alisema, karibu aamini.

Kahawa ikampalia Abdulwakil. Hapakuwa na mtu benchini aliyeijua rimoti ile kama yeye. Kaka wa mkewe aliyeko Maskati alimletea, na toka siku ile, kila akirudi dukani, mtu mzima na ndevu zake alivua kanzu, akabaki na bukta, akaruka mbele ya runinga akipiga mpira usiokuwepo. Ilikuja na kikamba cha kuvaa kifundoni mwa mkono isikutoke. Siku moja alijisahau akatoka nacho mpaka kijiweni, na Sabiri akapiga kelele: "Karafuu, hirizi hiyo kakufunga mkeo?" Benchi zima lilikufa kwa kicheko. Abdulwakil alirudi nyumbani akakikata kwa kisu. Kisha ikaja jioni aliyokuwa na mafuta ya viazi karai mkononi. Alipiga pigo la ushindi, rimoti ikaruka nyuma, na nyuma alikuwa Tuhfa, mkewe, anaingia na chai.

Jicho lilivimba likafunga. Tuhfa akaenda bombani nalo hivyohivyo, akasema kagonga mlango. Alisema vile kumsitiri mumewe asichekwe, na mumewe akamwachia aseme.

— Karafuu, wewe si uliletewa kidude kama hicho? Nehemia alimgeukia. Kwako hakijaleta balaa?

— Kile cha mtoto. Mimi sikigusi.

— Mtoto yupi? Mwanao si bado anatambaa?

— Anajifunza, Abdulwakil alisema.

— Mwacheni! Sabiri akampiga bega. Karafuu hana michezo ya kitoto. Jicho la shemeji tumeliona sote. Mlango gani unachagua jicho? Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na mumewe!

Wakacheka. Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Lakini angesema tu ilikuwa rimoti, wangetaka kujua aliishikaje, alirukaje, na ile bukta. Na hilo lingesemwa Nguvumali mpaka azikwe. Kuitwa mpiga mke, kwenye benchi lile, kulikuja na kupigwa bega. Akacheka nao. Kicheko kilimtoka kizuri kabisa, naye alipokisikia akajichukia. Nehemia peke yake hakucheka.

— Asalaam aleikum.

Wote waligeuka. Mzee Ahmada, babake Tuhfa, alikuwa kasimama kwenye ukuta wa fundi baiskeli, kapu la safari begani. Alikuwa katoka kijijini Mkwaja asubuhi ile.

— Waaleikum salaam. Shikamoo, baba! Abdulwakil aliruka akasimama. Karibu ukae. Uweso, mpe baba kahawa.

— Marahaba. Sikai. Nimetoka kwako. Nimemwuliza mwanangu, kaniambia mlango. Nimeutazama ule mlango, sikuridhika. Akageukia benchi. Nyinyi ndio wenzake, mnamjua kuliko mimi. Kakosani Tuhfa?

Sabiri, aliyejua viwanda vya ughaibuni, alitazama ndani ya kikombe kitupu. Uweso akashughulika na makaa.

— Hakukosa, baba, Abdulwakil alisema. Ilikuwa rimoti.

— Rimoti.

— Ya mchezo. Ya tenisi. Unapiga hivi... Akainua mkono kuonyesha, akauona mkono wake hewani mbele ya mkwewe, akaushusha. Ilinitoka ikaruka nyuma. Wallahi, baba, sikumpiga.

Nehemia, aliyetoka kuambiwa "sikigusi", akamtazama, kisha akamtazama Sabiri. Baada ya sumaku, jini na viwanda, ile ilikuwa hadithi ya nne, na wala haikuwa nzuri kuliko zile tatu.

Mzee Ahmada aliutazama ule mkono ulioshushwa. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Abdulwakil zaidi.

— Huenda ni kweli, alisema. Mambo ya siku hizi mimi siyajui. Lakini nimesimama hapa ukutani kitambo, nikiona haya kuingia katikati ya maneno ya wanaume. Nimesikia alivyosema huyu bwana juu ya mwanangu. Na nimekusikia wewe. Sasa n'ambie, baba. Kama ilikutoka kwa bahati mbaya, ulikuwa unacheka nini?

Mzee akampa nafasi ya kujibu, nafasi ndefu ya kiungwana, kisha akalikaza kapu begani na kushika njia ya kwenda kumchukua mwanawe.